Jinsi ya kutengeneza mkanda wa ngozi kwa mkono: mwongozo kwa anayeanza

Anayeanza kazi ya ngozi huuliza yaleyale kila mara. Ninunue ngozi gani? Mkanda uwe na urefu gani? Mbona kingo zangu hazing'ai? Mbona mkanda umerefuka baada ya miezi miwili tu? Hapa tunafanya kazi moja mwanzo hadi mwisho: mkanda wa suruali wa upana wa sm 3.8, ulioshonwa kwa mkono, bila mashine yoyote. Ukishaumaliza utakuwa umekata, umepunguza unene, umetoboa, umeshona na umeng'arisha ukingo. Pochi, makubadhi na mikoba vinahitaji ufundi huohuo.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: mkanda huharibika dukani kabla haujaharibika mezani. Ukinunua ngozi isiyofaa, hakuna kisu wala uzi utakaouokoa. Kama fedha ni kidogo, nunua ngozi nzuri na vifaa hafifu, usifanye kinyume chake.

Kuchagua ngozi

Omba ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti, si kwa kromu (kemikali ya viwandani). Afrika Mashariki gome linalotumika sana ni la muwati, mti uleule unaolimwa Njombe na katika nyanda za juu za Kenya. Ngozi ya magome ni ngumu kiasi, inashika umbo, na ukingo wake unang'aa ukisuguliwa. Ya kromu ni laini na inavutika. Ni nzuri kwa koti na kwa sehemu za juu za viatu, lakini mkanda wa ngozi hiyo peke yake hulegea.

Muuzaji akikuambia zote ni sawa, jipimie mwenyewe:

- Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome ni ya kahawia au rangi ya maziwa ya chai hadi katikati. Ya kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu au buluu katikati, isipokuwa kama imetiwa rangi ikapenya yote.
- Dondoshea tone la maji upande wa uso (uliokuwa na manyoya) wa ngozi ambayo haijapakwa rangi. Ya magome hunywa maji na rangi yake kukolea pale pale. Kisha bonyeza kwa ukucha: alama ikibaki, ni ya magome, ikirudi kama ilivyokuwa, ni ya kromu.

Usichome kipande kwa kiberiti kama baadhi ya watu wanavyofundisha. Moshi wa ngozi ya kromu si wa kuvuta.

Sehemu ya ngozi nayo ina maana kubwa. Chukua mgongo, sambamba na uti, kutoka upande wa mkia kwenda mabegani. Hapo nyuzi za ngozi zimebanana. Ngozi ya tumbo ni rahisi, lakini inavutika. Shika kipande kwa mikono miwili ukivute kwa nguvu: kikirefuka waziwazi, kirudishe. Geuza pia upande wa nyama ukatafute alama za visu vya mchunaji. Mkato unaoingia nusu ya unene ni mahali mkanda utakapokatikia. Alama za chapa ya moto, kupe na miiba upande wa uso ni suala la sura tu. Mwingine huzipenda.

Unene unaotakiwa ni mm 3.5 hadi 4. Ngozi za ng'ombe wetu wa nundu mara nyingi hazifiki hapo, na hilo lisikusumbue. Chukua ngozi ya mm 1.8 hadi 2 ukate vipande viwili, vigundishwe na kushonwa pamoja. Mkanda wa tabaka mbili hauvutiki ovyo, na una kazi nzuri zaidi ya sindano.

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba. Mkanda mmoja unakula kama nusu futi ya mraba tu, ila tatizo ni urefu: unahitaji ukanda wa sm 120 hadi 130 ulionyooka. Ndiyo maana mafundi wawili watatu huchanga wakanunua upande mmoja wa ngozi, kila mtu akakata mikanda yake. Nairobi, soko la Kariokor lina mafundi wa ngozi tele, nawe unaweza kushika ngozi kabla ya kununua. Mwanza kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inayofundisha ngozi. Ukiwa mbali na huko, anza kwa fundi viatu wa mtaani kwako. Nenda na heshima, usiende saa ya wateja wengi, mwambie "Fundi, shikamoo, ninajifunza". Wengi watakuonyesha wanakonunua, na watakuuzia vipande vya mabaki vya kufanyia mazoezi.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Rula ya chuma, ya mita 1 ikiwezekana
- Kisu chenye wembe wa kubadilisha, na nyembe mpya
- Panchi (chuma cha kutobolea matundu ya mviringo) ya mm 4 na nyingine ya mm 5 au 6, pamoja na nyundo ya mbao au ya mpira
- Msharasi, yaani chuma chenye ncha kali cha kutobolea matundu ya mshono
- Sindano 2 butu, kubwa kiasi
- Uzi wa poliesta wenye nta, unene wa mm 0.8
- Bizimu lenye upana wa ndani wa sm 4 na ulimi mmoja
- Gundi ya viatu ya njano
- Msasa namba 220 na 400
- Nta ya nyuki, na kitambaa kigumu cha turubai au jinzi kuukuu
- Kipande cha mti mgumu uliolainishwa. Mabaki ya mpingo kutoka kwa wachonga vinyago ni bora kuliko vyote.
- Ubao laini wa kutobolea juu yake, na kipande cha marumaru au kioo kinene cha kupunguzia ngozi

Usitoboe juu ya marumaru wala saruji. Panchi itapoteza makali siku hiyohiyo.

Kupima

Usitumie namba ya suruali. Suruali ya inchi 34 inapaswa kuwa sm 86, lakini nyingi hukatwa kubwa kuliko namba yake, na nyingine hukaa chini ya kiuno. Chukua mkanda unaovaliwa na mwenye kazi. Pima kutoka pale ngozi inapokunjwa kwenye bizimu hadi kwenye tundu analotumia. Kama hana mkanda, pitisha futi kamba kwenye vitanzi vya suruali akiwa amechomekea shati, umsomee bila kukaza.

Tuseme umepata sm 92. Mpangilio ni huu:

- Mkia wa kukunja nyuma ya bizimu: sm 8
- Kutoka mstari wa kukunja hadi tundu la katikati: sm 92
- Kutoka tundu la katikati hadi ncha: sm 14

Jumla ni sm 114. Kata sm 120, ziada utaiondoa ncha ikishachorwa.

Kazi yenyewe

1. Nyoosha ukingo wa kwanza. Ngozi haiji imenyooka. Weka rula karibu na mstari wa uti, bana ncha zote mbili kwa kitu kizito, ukate kwa kupitisha kisu mara tatu au nne kwa wepesi. Anayelazimisha kukata kwa mara moja hupindisha kisu, na ukingo unakuwa wa mshazari.

2. Kata ukanda. Weka alama za sm 3.8 kila baada ya sm 15, uziunganishe kwa rula, ukate. Kisu kikae wima kabisa. Simama juu ya kazi, usikae pembeni yake. Kidole gumba cha mkono unaoshika rula kiwe nyuma ya ukingo wa rula. Ajali nyingi za kazi hii hutokea hapa.

3. Chora ncha. Weka sarafu au kifuniko cha chupa kwenye mwisho ufuate mviringo wake. Kata kwa mikato mifupi iliyonyooka, kisha maliza kwa msasa. Mkato mmoja wa kuzungusha hutoka na meno.

4. Toboa matundu. Weka alama ya tundu la katikati sm 92 kutoka mstari wa kukunja, kisha mawili kila upande kwa nafasi ya sm 2.5. Matundu yawe 5. Pima katikati ya upana (sm 1.9) kwa kila tundu, usikadirie kwa macho: tundu lililohama mm 1 linaonekana mtu akiwa amesimama mbali. Tumia panchi ya mm 4, pigo moja au mawili mazito.

5. Toboa nafasi ya ulimi wa bizimu. Kwenye mstari wa kukunja, toboa tundu la mm 5 au 6 umbali wa sm 1.25 upande mmoja wa mstari, na lingine umbali huohuo upande wa pili. Unganisha matundu hayo kwa mikato miwili sambamba. Utapata nafasi ndefu ya sm 2.5. Usitoboe kwa kisu bila matundu ya mwisho, maana pembe kali ndizo zinazoanza kuchanika.

6. Punguza unene wa mkia. Kama ngozi ni ya mm 4, ikikunjwa itakuwa donge. Lowanisha kidogo upande wa nyama, laza mkia juu ya marumaru, unyoe kwa wembe mpya kuanzia sm 1.5 kabla ya mstari wa kukunja hadi mwisho wa mkia, mpaka ubaki mm 2 hivi. Nyoa vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Wembe ukianza kukwama, ubadilishe papo hapo. Wembe butu ndio unaotoboa ngozi, si mkali. Hapa ndipo wanaoanza hutoboa mkia, kwa hiyo fanya kwanza kwenye mabaki.

   Kwa mkanda wa tabaka mbili hatua hii hairukwi bure, inabadilika: ngozi ya ndani iishie sm 8 kabla ya mstari wa kukunja, ili mkia ukirudi nyuma ukutane nayo kichwa kwa kichwa. Hakuna cha kunyoa. Paka gundi upande wa nyama wa vipande vyote viwili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ikiguswa haishiki kidole, kisha unganisha ukiwa umeupinda mkanda kama unavyokaa kiunoni. Ukiugundisha ukiwa umelala, ngozi ya ndani itafanya makunyanzi siku ya kwanza kuvaliwa. Paka gundi dirisha likiwa wazi, mbali na jiko.

7. Tia rangi, kama unataka. Ifanyike kabla ya kushona ili uzi ubaki na rangi yake. Rangi ya spiriti ipakwe kwa kitambaa, kwa mizunguko midogo, mara mbili au tatu. Dawa ya viatu si rangi. Hukaa juu na kuhamia kwenye shati.

   Weusi mzuri kabisa wa ngozi ya magome hauhitaji duka. Chukua waya wa chuma wa kusugulia sufuria (usiwe wa chuma kisichoshika kutu), uoshe kwa sabuni kuondoa mafuta, uloweke kwenye lita 1 ya siki nyeupe kwa siku 7 hadi 14. Chombo kisifungwe kikakaza, maana gesi hutoka. Chuja, paka. Chuma hukutana na tanini (dawa ya magome iliyoisindika ngozi) iliyomo ndani ya ngozi, na weusi unazaliwa humohumo, kwa hiyo haubanduki kama rangi iliyokaa juu. Ukitoka kijivu, ngozi ina tanini kidogo: paka chai ya rangi kali sana, iache ikauke, urudie siki. Mwisho futa kwa lita 1 ya maji yenye kijiko 1 cha chakula cha magadi soda kuua ukali wa siki, kausha kivulini, upake mafuta, kwa sababu njia hii huikausha ngozi.

8. Ng'arisha kingo. Ondoa kona kali za juu na chini kwa msasa 220 uliozungushwa kwenye kijiti, kisha lainisha kwa 400. Lowanisha ukingo kwa kidole chenye maji, urefu wa sm 20 kwa wakati mmoja. Sugua kwa kipande cha mpingo au kwa turubai, haraka na kwa mkono mwepesi, mpaka uhisi joto na ukingo uanze kung'aa. Pitisha nta ya nyuki, sugua tena. Ukingo mzuri haupatikani kwa mzunguko mmoja. Mitatu ni kawaida. Mkanda wa tabaka mbili usubiri hatua hii hadi ushonwe mzunguko wote.

9. Tengeneza kitanzi cha kushikia ncha. Kata kipande cha upana wa sm 1.5, unene wa mm 2, urefu wa sm 10.5. Kizungushe juu ya tabaka mbili za mkanda wenyewe, ukate ziada mpaka ncha zikutane bila kupandana na ncha ya mkanda ipite kwa ulaini. Shona ncha hizo pamoja kwa mishono miwili.

10. Weka bizimu na uweke alama za mshono. Pitisha ulimi kwenye nafasi yake, kunja mkia, upige nyundo kidogo kwenye mkunjo. Kutoka mkunjoni, mm 4 ndani ya kila ukingo, toboa kwa msharasi matundu 3 yenye nafasi ya mm 4 kuanzia sm 1.8 hadi sm 2.6. Acha nafasi ya kitanzi. Toboa tena matundu 8 kuanzia sm 4.5 hadi sm 7.3. Mishono iende sambamba na kingo. Mstari wa matundu unaokatisha upana wa mkanda huufanya uchanike kama stempu.

11. Shona kwa sindano mbili. Kwa mshono mrefu kata uzi wa sm 50, kwa ule mfupi sm 40. Tunga sindano moja kwenye kila ncha ya uzi. Pitisha sindano ya kwanza kwenye tundu la kwanza, usawazishe urefu pande zote mbili. Kwenye kila tundu linalofuata: sindano ya kushoto inapita kwanza, uzi wake unavutwa nyuma kidogo, kisha ya kulia inapita tundu hilohilo, juu ya uzi wa kwanza au chini yake. Ukichagua juu, iwe juu mpaka mwisho. Vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Ukifika mwisho rudi matundu mawili nyuma, kata, uyeyushe ncha za uzi kwa kiberiti cha gesi kwa sekunde moja.

    Kitanzi kiingizwe baada ya kushona ile mishono mifupi ya mbele, maungio yake yafiche ndani ya mkunjo, ndipo ushone ile mirefu.

    Fundi viatu wengi hushona kwa msharasi wenye ndoano, na wana kasi ya ajabu. Kwa mkanda, sindano mbili ni salama zaidi: uzi ukikatika mahali pamoja, wa upande wa pili unaendelea kushika.

    Kwa tabaka mbili, mzunguko wote ni zaidi ya mita 2, na uzi unahitaji kuwa mara 4 ya urefu wa mshono. Usijaribu kushona kwa uzi mmoja wa mita 9. Gawa kwa vipande vya sm 60, kila kimoja uzi wa mita 3 hivi, ukipandisha matundu mawili kwenye maungio.

12. Paka mafuta. Mafuta ya kwato za ng'ombe ndiyo ya jadi: tabaka jembamba kwa kitambaa, siku moja ipite, kisha nta kidogo na kusugua. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Huchacha na kunata.

Mambo yanayoharibika na namna ya kuyarekebisha

*Madoa ya buluu au meusi yametokea kwenye ngozi ambayo sijaitia rangi.* Rula au kisu cha chuma kimegusa ngozi yenye unyevu, kwa kanuni ileile ya siki na waya. Futa eneo lote (si doa pekee) kwa maji ya limau, kisha kwa maji safi. Siku nyingine weka karatasi kati ya chuma na ngozi iliyolowa.

*Ukingo unabaki na manyoyamanyoya.* Ama maji yamezidi, ama ngozi ni ya tumbo au ya kromu. Acha ukauke nusu, rudi kwenye msasa 400, anza tena. Ngozi ya kromu haitang'aa hata usugue hadi kesho. Inahitaji rangi ya ukingo ya kupaka.

*Mishono inapanda na kushuka.* Umechanganya mpangilio: tundu hili sindano ya pili ilipita juu, lile ikapita chini. Fumua hadi pale ilipoanza. Kama mpangilio ni sawa, basi msharasi uliingia kwa pembe tofauti kila mara. Bana kazi kati ya mbao mbili ulizozishika kwa magoti ili mikono yote miwili iwe huru.

*Sindano imetoboa uzi badala ya kupita pembeni yake.* Unatumia sindano kali ya nguo. Isugue ncha kwenye jiwe iwe butu.

*Ngozi imepasuka kwenye mkunjo wa bizimu.* Ilikunjwa ikiwa kavu, au ilinyolewa ikabaki chini ya mm 1.5. Kama ni mipasuko ya juu tu, paka mafuta uangalie kwa wiki. Kama imeingia ndani, kata mkia huo, utoboe upya. Utapoteza kama sm 9 za urefu. Kwa hiyo kwenye mkanda wa kwanza acha sm 10 za ziada upande wa bizimu mpaka uone mkunjo umekaa.

*Mkanda umerefuka, tundu la mwisho halitoshi.* Kurefuka kidogo katika wiki za mwanzo ni kawaida, ndiyo sababu kipimo kilianzia tundu la katikati. Ukizidi matundu mawili, ngozi ilikuwa ya tumbo. Fupisha upande wa bizimu, si upande wa ncha, ili nafasi za matundu zibaki kama zilivyo.

*Rangi inahamia kwenye nguo.* Rangi iliyozidi haikufutwa. Sugua kwa kitambaa cheupe kikavu mpaka kitoke safi, kisha paka nta tabaka mbili. Kwa mteja anayevaa suruali nyeupe, mpe mkanda wa rangi ya asili ya ngozi. Utakuwa kahawia wenyewe kwa jua na mafuta ya mikono.

*Kuvu wamefanya ukungu mweupe.* Hili ni la pwani zaidi, hasa mkanda ukifungiwa kwenye mfuko wa plastiki. Futa nje ya nyumba kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, kausha penye upepo na kivuli. Utundike kwa bizimu kwenye msumari uliofunikwa, usiukunje kabatini.